Mali Bila Daftari: Safari ya Dawa Hadi Dirisha la Zahanati

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya wananchi katika kata



Mazungumzo haya yanaanzia mahali ambapo kila mmoja amewahi kusimama, yaani mbele ya dirisha la dawa. Mama amefika zahanati asubuhi akiwa na mtoto mwenye homa. Amepokelewa vizuri, mtoto amepimwa, na kipimo kimeonesha malaria. Mganga ameandika cheti. Mama anakipeleka dirishani, na mtoa dawa anakisoma, kisha anamrudishia akimwambia: “Dawa hii imekwisha, mama. Kanunue nje.”

Mtoto huyo ana umri wa chini ya miaka mitano, na kwa sera ya nchi anastahili kutibiwa bila malipo. Lakini msamaha hauna maana mbele ya rafu tupu. Duka la dawa halitoi msamaha. Mama ambaye hakupaswa kulipa hata senti sasa anatafuta fedha, na asipozipata, mtoto anarudi nyumbani na cheti tu. Njiani mama huyo anajiuliza swali moja: dawa zimekwenda wapi? Na jibu linalomjia kwanza ni kwamba zimeibwa.

Inawezekana zimeibwa. Jambo hilo hutokea, na halipaswi kufichwa wala kuonewa haya. Lakini rafu inaweza kuwa tupu kwa sababu nyingine nyingi, na mojawapo haionekani kwa urahisi, nayo ni hesabu iliyokosewa miezi mitatu iliyopita. Mwananchi asiyejua namna dawa zinavyoingia na kutoka hawezi kutofautisha wizi na hesabu mbovu. Na asipoweza kutofautisha, hawezi kudai kirekebishwe kile kilichoharibika. Ndiyo maana safari hiyo inafaa kuelezwa hatua kwa hatua.

MZIGO UNAOINGIA

Sehemu kubwa ya dawa zinazotumika nchini hutengenezwa ng’ambo. Hufika kwa meli katika bandari ya Dar es Salaam, nyingine kwa ndege. Kabla ya kuruhusiwa kutumika, dawa hizo zinapaswa kukidhi masharti ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inayojulikana kwa kifupi cha TMDA, ambayo kazi yake ni kusimamia ubora na usalama wa dawa. Kisha zile za vituo vya umma huingia mikononi mwa Bohari ya Dawa, inayofahamika na wengi kwa jina la MSD.

Bohari ya Dawa iliundwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1993. Makao yake makuu yako Keko, Dar es Salaam, na inazo bohari za kanda katika miji kama Mwanza, Tabora, Dodoma, Moshi, Mbeya, Iringa, Tanga na Mtwara. Kutoka kwenye bohari ya kanda, malori hupakia mizigo na kuipeleka vituoni. Zamani mizigo mingi iliishia makao makuu ya wilaya, na wilaya ndiyo iliyotafuta gari la kuifikisha vijijini. Katika utaratibu wa sasa, lori la Bohari hufikisha dawa hadi mlangoni mwa zahanati.

Hapo ndipo wananchi wengi hudhani kwamba habari imekamilika: Serikali hununua, Bohari hutunza, lori huleta. Lakini liko swali ambalo aghalabu halijibiwi. Ni nani aliyeamua kwamba zahanati fulani iletewe dozi 400 za dawa mseto ya malaria, wala si 200 wala 900?

Katika miaka ya 1980 jibu lilikuwa jepesi. Zahanati za vijijini zililetewa masanduku ya dawa yaliyofungwa kwa kipimo kimoja. Zahanati ya pwani yenye malaria nyingi na zahanati ya milimani yenye baridi na vikohozi zilipokea sanduku la namna moja. Utaratibu huo ulikuwa na faida yake, kwani dawa za msingi zilifika hata mahali ambapo hapakuwa na mtaalamu wa kuagiza. Lakini sanduku halijui kama kijiji kiko kando ya ziwa au juu ya mlima. Dawa moja ilikwisha katika wiki chache, nyingine ikarundikana hadi ikaisha muda wake wa matumizi.

Kwa sababu hiyo utaratibu ulibadilishwa. Leo zahanati yenyewe ndiyo inayoomba. Kwa vipindi vilivyopangwa katika mwaka, mganga mfawidhi hujaza taarifa na maombi ya dawa; Mfamasia wa Wilaya huyapitia; nayo hufikishwa Bohari kwa njia ya mfumo wa kielektroniki uitwao eLMIS. Aidha, tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji wa vituo zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuhusu dawa hauanzii Dodoma wala Keko. Huanzia katika chumba kidogo cha stoo ya zahanati, mbele ya daftari liitwalo leja.

MZIGO UNAOTOKA

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huenda ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini hakuna mahali inapofaa zaidi kuliko katika stoo ya dawa.

Leja ya stoo ina ukurasa kwa kila dawa. Kila kinachoingia huandikwa: tarehe, kiasi, kilikotoka, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kila kinachotoka kwenda dirishani huandikwa pia. Mwisho wa mstari kuna salio. Kila mwezi huhesabiwa mali yenyewe, si kwa macho bali kwa mkono, na idadi iliyopatikana hulinganishwa na salio la leja. Vikilingana, vema. Visipolingana, tofauti huandikwa na kutafutiwa maelezo siku hiyohiyo.

Mwisho wa kipindi mganga mfawidhi hufanya hesabu ambayo mama yeyote anayesimamia jiko lake anaielewa. Anachukua kiasi alichoanza nacho, anajumlisha alichopokea, anatoa kilichoharibika au kilichohamishwa, kisha anatoa kilichobaki. Jibu ndilo matumizi ya kipindi kile. Kutokana na matumizi hayo anakadiria mahitaji ya kipindi kijacho, anaongeza akiba ya tahadhari kwa ajili ya ucheleweshaji, anaondoa kilichopo stoo, na kinachobaki ndicho anachoomba.

Basi hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kinachoingia hufuata kilichoandikwa kutoka. Bohari haiwaoni wagonjwa wa kijiji. Haisikii kikohozi wala haioni foleni. Inaona tarakimu tu. Tarakimu zikiwa za kweli, lori litakuja na mzigo wa kweli. Tarakimu zikidanganya, hata kama hakuna aliyeiba kidonge kimoja, lori litakuja na mzigo usiotosha.

RAFU TUPU INAPODANGANYA

Chukueni mfano wa zahanati moja ya kufikirika. Inaanza robo ya mwaka ikiwa na dozi 150 za dawa ya malaria, na inapokea dozi nyingine 450. Jumla ni dozi 600. Mvua zimenyesha, mbu wamezaliana, na wagonjwa ni wengi. Mwisho wa mwezi wa pili dawa zote zimekwisha. Mwezi wa tatu mzima rafu ni tupu, na kila anayekuja anaambiwa akanunue nje.

Robo ya mwaka inaisha. Mganga mfawidhi anafungua leja. Alianza na 150, akapokea 450, amebakiwa na sifuri. Matumizi ni dozi 600. Akigawa kwa miezi mitatu anapata dozi 200 kwa mwezi. Anaomba dozi 600 kwa robo inayofuata, na karatasi yake inaonekana safi kabisa.

Lakini hesabu hiyo si ya kweli. Dozi 600 hazikutumika kwa miezi mitatu. Zilitumika kwa miezi miwili. Matumizi halisi ni dozi 300 kwa mwezi, na mahitaji ya robo nzima ni dozi 900. Wagonjwa wapatao 300 waliorudishwa katika mwezi wa tatu hawamo katika hesabu, kwa sababu hawakupewa dawa, na leja huandika kilichotolewa, haiandiki kilichokosekana.

Robo inayofuata zahanati inapokea dozi 600. Hali ya ugonjwa ikiwa ileile, zitakwisha tena mwisho wa mwezi wa pili. Leja itaonesha tena matumizi ya dozi 600, na daftari litakuwa limethibitisha kosa lake lenyewe. Upungufu wa mwezi mmoja umezaa upungufu wa kila robo ya mwaka, mwaka hadi mwaka. Wananchi wataamini kwamba kuna mwizi asiyekamatika. Mganga mfawidhi ataamini kwamba Bohari inamletea pungufu. Bohari nayo itaona kwamba imeleta kila kilichoombwa. Kila mmoja ana ushahidi wake, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo haigharimu fedha. Katika fomu ya maombi kuna mahali pa kuandika idadi ya siku ambazo dawa haikuwepo. Siku hizo zikiandikwa kwa uaminifu, matumizi hugawanywa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, na ukweli hurudi mahali pake. Lakini ili ziandikwe, ni lazima mtu awe ameweka alama katika leja siku ile rafu ilipobaki tupu. Siku hiyo mtoa dawa huwa amechoka, foleni ni ndefu, na anaona hakuna cha kuandika kwa kuwa hakuna kilichotoka. Kumbe hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote.

Kosa la upande wa pili nalo lisisahaulike. Wapo wanaodhani kwamba suluhisho ni kuomba kingi kupita kiasi. Dawa iliyoombwa bila hesabu hukaa stoo hadi muda wake wa matumizi ukaisha. Fedha iliyonunua maboksi hayo ndiyo iliyokosekana kununulia glovu, sindano au dawa za shinikizo la damu. Kisha dawa iliyoisha muda haitupwi tu shimoni. Hutengwa, huandikwa, na huteketezwa kwa utaratibu unaosimamiwa na mamlaka, jambo ambalo nalo lina gharama yake.

SIKU LORI LINAPOFIKA

Hatua moja katika safari hii iko wazi kwa macho ya wananchi, nayo ni siku ya mapokezi. Lori likifika, mganga mfawidhi hapokei peke yake. Kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa jamii, inapaswa kushuhudia.

Kushuhudia si kusimama kando na kutazama maboksi yakishushwa. Ni kushika hati ya mzigo na kulinganisha mstari kwa mstari. Hati inasema maboksi 20 ya dawa fulani. Je, yamo 20? Namba ya toleo iliyo kwenye boksi ni ileile iliyo kwenye hati? Muda wa matumizi umebaki kiasi gani? Je, kuna boksi lililolowa, lililochanika, au ambalo gundi yake imefunguliwa? Ni hapo tu ndipo sahihi inapowekwa.

Penye tofauti, huandikwa juu ya hati hiyohiyo kabla lori halijaondoka, na dereva naye huweka sahihi yake. Tofauti iliyoandikwa siku ya mapokezi ni dai. Tofauti inayotajwa wiki mbili baadaye ni ugomvi. Kwa hiyo mjumbe wa kamati anayeweka sahihi kabla ya kuhesabu, ati kwa sababu jua linazama na dereva ana haraka, amefunga mlango wa haki ya kijiji kizima kwa kalamu yake mwenyewe.

Jambo hili linahitaji pia maandalizi ya barabara na majira. Zipo zahanati ambazo njia yake hukatika wakati wa masika. Mganga anayefahamu kata yake huomba akiba ya kutosha kabla ya mvua, na serikali ya kijiji inayofahamu wajibu wake hutoa taarifa mapema kuhusu daraja lililobomoka au korongo lililojaa maji. Ugavi ni pamoja na kujua ni lini mto hupitika.

NDANI YA STOO

Dawa ikishafika, safari haijaisha. Huweza kuharibika ikiwa imefungiwa kwa kufuli na hakuna aliyeigusa.

Kanuni ya kwanza ni kwamba itakayoisha muda mapema ndiyo itoke kwanza. Si ile iliyofika mwanzo, wala ile iliyo karibu na mkono. Mzigo mpya huwekwa nyuma, wa zamani huvutwa mbele. Kanuni ya pili ni kwamba maboksi hayawekwi sakafuni wala kuegemezwa ukutani, bali juu ya vichanja, ili unyevu usipande. Kanuni ya tatu ni joto.

Katika suala la joto ziko dawa zisizosamehe. Mojawapo ni oksitosini, sindano anayochomwa mama mara baada ya kujifungua ili kuzuia kutokwa damu nyingi. Kutokwa damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama wazazi. Sindano hiyo inapaswa kutunzwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu yake kidogokidogo, wala haibadiliki rangi. Kichupa kilichoharibika na kichupa kizima hufanana kabisa. Mkunga anaweza kuchoma sindano kwa wakati, kwa ustadi wote, na damu isikome, kwa sababu wiki tatu kabla mtu aliiacha dawa ile juu ya meza karibu na dirisha lenye jua. Katika leja dawa hiyo imehesabiwa kuwa ipo, ilhali kwa mama aliyelala kitandani haipo.

Chanjo nazo husafiri katika kile kiitwacho mnyororo baridi: kutoka ghala la taifa hadi la mkoa, la wilaya, hadi jokofu la zahanati, na kutoka hapo hadi kwenye kisanduku cha barafu kinachobebwa na mhudumu kwenda kliniki ya mkoba. Pete moja ya mnyororo ikikatika, wote umekatika. Kwenye vichupa vingi vya chanjo kuna alama ndogo, mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Mraba ukifikia rangi ya duara au kuipita, chanjo hiyo haifai tena. Na ifahamike kwamba baridi kali nayo huua: baadhi ya chanjo, ikiwemo ya pepopunda, huharibika zikiganda. Kwa hiyo jokofu la chanjo halifai kuwekwa soda, nyama wala maziwa ya mtu yeyote, kwa maana kila linapofunguliwa bila sababu, joto lake hupanda na kushuka. Kipimajoto chake husomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, hata siku za mapumziko.

BOHARI IKIKOSA

Huenda mganga akahesabu vizuri, akaomba kwa wakati, na bado Bohari ikawa haina baadhi ya dawa alizoomba. Hilo hutokea, na kwa muda mrefu mzigo wake ulimwangukia mgonjwa. Kwa ajili hiyo ulibuniwa mfumo wa Mshitiri, ulioanza mkoani Dodoma mwaka 2014 na baadaye kuenea katika mikoa mingine. Kwa mfumo huo, mkoa huingia mkataba na muuzaji mmoja aliyepatikana kwa ushindani, kwa bei zilizokubaliwa. Bohari ikithibitisha kwamba haina dawa fulani, kituo hupeleka mahitaji yake kupitia Halmashauri, na Mshitiri huleta.

Ipo pia njia ya karibu zaidi. Mara nyingi dawa inayokosekana katika zahanati moja imejaa katika zahanati ya kata jirani na inakaribia kuisha muda. Mfamasia wa Wilaya ana mamlaka ya kuratibu uhamisho huo, mradi uandikwe katika leja zote mbili: huku kama kilichotoka, kule kama kilichoingia. Lakini hata hapa, asiyeandika salio lake hawezi kusaidia wala kusaidiwa, kwa kuwa hakuna anayejua alichonacho.

Kwa hiyo neno “kanunue nje” halipaswi kuwa jibu la kwanza la zahanati. Linapaswa kuwa la mwisho, baada ya Bohari, Mshitiri na zahanati jirani kuulizwa. Na linapotamkwa, liache alama katika daftari.

NAFASI YA MWANANCHI

Ndugu wananchi, mtu aweza kusema kwamba mambo haya yote ni ya wataalamu. Sivyo. Yako mambo manne ambayo mwananchi asiye na elimu yoyote ya ugavi anaweza kuyafanya, na yakabadilisha kile kinacholetwa na lori.

La kwanza, mgonjwa anayekosa dawa aombe kwa adabu kwamba kukosa kwake kuandikwe. Aseme tu: “Naomba iandikwe kwamba nimekuja na dawa haikuwepo.” Ombi hilo dogo ndilo linalomrudisha katika hesabu yule mgonjwa aliyepotea katika mwezi wa tatu wa mfano uliotolewa.

La pili, kila kijiji kijue majina ya wawakilishi wake katika kamati ya usimamizi wa kituo, na mkutano mkuu wa kijiji uwaulize. Mzigo ulifika lini? Nani alishuhudia? Kilichoombwa ni kiasi gani, na kilicholetwa ni kiasi gani? Dawa zipi zilikosekana, na kwa siku ngapi? Maswali hayo si matusi kwa mganga mfawidhi. Mganga mwaminifu huyafurahia, kwa sababu majibu yake ndiyo kinga yake dhidi ya uvumi.

La tatu, dawa za umma zisihifadhiwe majumbani “kwa ajili ya kesho.” Mtu asiye mgonjwa anayechukua dozi na kuiweka kabatini ameihesabisha kuwa imetumika, na kesho itamkosa aliye mgonjwa kweli. Vivyo hivyo aliyeandikiwa dozi aimalize, asiigawe nusu kwa jirani.

La nne, penye dalili za wizi, hatua ichukuliwe kwa ushahidi. Dawa za Serikali huwa na alama zake za utambulisho, na kuzikuta zikiuzwa dukani ni jambo la kutolea taarifa mara moja. Taarifa ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au kwa TAKUKURU kwa kupiga 113 bila malipo. Kamati iliyohesabu mzigo siku ya mapokezi, na kuhesabu tena mwisho wa mwezi, itajua kama boksi limepotea, na itajua lilipotea kati ya tarehe ipi na ipi. Kamati isiyohesabu itabaki na minong’ono, na minong’ono haijawahi kumfikisha mwizi mahakamani. Badala yake imewahi kuwavunjia heshima watumishi wasio na hatia na kuwafanya waombe uhamisho, zahanati ikabaki bila dawa na bila mtoa dawa.

HITIMISHO

Mwanzoni mwa mazungumzo haya, mama alitoka dirishani akiwa na cheti mkononi na swali moja moyoni. Swali lake ni halali, na anastahili kujibiwa. Lakini jibu lisitolewe kwa hasira wala kwa kukisia. Litafutwe katika leja: siku ya kupokea, siku ya kutoa, siku rafu ilipobaki tupu. Likikutwa pengo la wizi, sheria ichukue mkondo wake. Likikutwa pengo la hesabu, fomu inayofuata isahihishwe kabla haijaondoka kituoni.

Barabara ya kutoka Keko ni ndefu, na sehemu kubwa yake haiko katika uwezo wa kata yoyote. Meli huchelewa na malori huharibika. Lakini sehemu iliyo kati ya mlango wa stoo na dirisha la dawa ni ya hatua chache tu, nayo iko kijijini. Ikisimamiwa vema sehemu hiyo, safari yote iliyotangulia itakuwa imesikia mahitaji ya kweli ya watu. Ikipuuzwa, hata malori kumi hayatatosha.

Kwa hiyo kila mmoja, pindi atakapofika zahanati mara nyingine, akumbuke kwamba kuna daftari nyuma ya lile dirisha. Aliulizie, awasaidie wanaoliandika, na ahakikishe jina la ugonjwa wake halipotei ndani yake.